Jinsi Martha Gellhorn Alivyofika Normandy

Mwanzoni mwa Juni 1944, Martha Gellhorn, mwandishi wa habari za vita, alifika bandarini Uingereza bila kibali cha kwenda vitani. Jarida la Collier's, lililokuwa likichapisha habari zake za vita tangu Hispania mwaka 1937, lilikuwa limempa mumewe, Ernest Hemingway, nafasi yake ya kwenda vitani. Hata bila hilo, jeshi halikuwaruhusu waandishi wanawake kufika mstari wa mbele. Polisi wa jeshi alipomhoji, alisema anakwenda kuzungumza na wauguzi kwenye meli ya hospitali. Akapita. Akajifungia chooni mpaka meli ilipong'oa nanga.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri. Ujasiri upo, lakini kinachonivutia ni ufundi. Habari za wauguzi ndizo walizoachiwa waandishi wanawake, kwa hiyo hakuna askari aliyeona sababu ya kumzuia. Gellhorn alipenya kwa kutumia nafasi ileile aliyotengewa ili asifike. Na ikatokea kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kuiona gharama ya vita kuliko meli ya hospitali.

Makala yake ilitoka Agosti mwaka huo. Isome taratibu uone anavyoipanga. Kwanza anakuonyesha meli tupu: vitanda 422 vyenye mablanketi mapya, chumba cha upasuaji ambacho hakijawahi kutumika, makopo makubwa ya damu yakiwa sitahani. Hajatokea majeruhi hata mmoja, na tayari unaogopa, kwa sababu unajua kila blanketi lina mtu wake ng'ambo ya bahari. Mwandishi asiye na subira angeanza na mizinga. Yeye amehesabu vitanda akaiachia hesabu ifanye kazi.

Kisha vitanda vinajaa. Usiku anashuka ufukwe wa Omaha, Normandy, pamoja na wabeba machela, maji yakimfika kiunoni, wakifuata njia zilizowekewa tepu nyeupe pale mabomu ya ardhini yalipokwisha kuondolewa. Melini anagawa maji na kahawa, anasaidia kutafsiri. Kazi hii ndiyo inayoipa makala macho yake. Anayebeba machela humwona majeruhi kwa karibu, na haulizwi amefuata nini. Majenerali hawana nafasi katika habari hii. Wajerumani waliojeruhiwa wanayo, kwa kuwa nao walilala melini humo. Hemingway, mwenye kibali, aliuona ufukwe ule Juni 6, siku ya uvamizi, akiwa kwenye boti, wala hakushuka.

Jeshi lilimwadhibu Gellhorn kwa kumpeleka kambi ya mafunzo ya wauguzi. Alitoroka, akapata ndege ya kwenda Italia, akaendelea kuandika bila karatasi rasmi. Mei 1945 alikuwa kwenye kambi ya mateso ya Dachau.

Mwaka 1966, akitaka kwenda Vietnam, hakupata gazeti la Marekani la kumtuma. Alijilipia safari, na The Guardian la Uingereza likachapisha makala zake. Waandishi wengi Saigon walihudhuria mikutano ya maofisa. Yeye alikwenda hospitali za raia na vituo vya yatima, akaandika kuhusu watoto waliounguzwa na mabomu. Alipotaka kurudi, serikali ya Vietnam Kusini ilimnyima visa. Ilikuwa imemsoma vizuri.