Jigi ya Polepole: Anza na Mkondo, Maliza na Rangi

Mkazi wa Gikondo, Kigali, anayepanga kwenda kuvua Shimoni, Kenya, au Nungwi, Unguja, ana tatizo ambalo mvuvi wa pwani hana. Akifika juu ya mwamba akakuta jigi zake, yaani chambo zake za madini, hazifai, Kigali iko zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yake. Begi nalo lina kikomo: jigi kumi za gramu 200 ni kilo mbili za madini kabla hajafungasha hata shati. Kwa hiyo uchaguzi lazima umalizike nyumbani, mezani, na kwa hesabu. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayovuta jicho. Mimi nasema rangi ije mwisho.

Uvuvi wa jigi ya polepole ulikuzwa Japani, na jina linalotajwa zaidi katika kuuasisi ni la Norihiro Sato. Jigi ya kasi hupandishwa mbiombio ili jodari au kolekole aifukuze. Ya polepole kazi yake iko katika kushuka. Mvuvi huzungusha rili robo au nusu mzunguko, ufito mwembamba unapinda kisha unajinyoosha, jigi inaruka kidogo, halafu inaachwa ilale ubavu na kuanguka ikiyumbayumba kama jani la mwembe. Samaki wa mwambani kama chewa, asiyependa kufukuza chakula mbali, mara nyingi huidaka ikiwa inashuka. Swali la kujiuliza mbele ya kila jigi basi ni moja: itaangukaje kule ninakokwenda?

Tuchukue bahari iliyo kati ya Pemba na bara. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupita huko ukielekea kaskazini mwaka mzima. Hupata nguvu wakati wa upepo wa kusi na hulegea wakati wa upepo wa kaskazi. Juu yake kuna maji kujaa na kupwa, ambayo Unguja hutofautiana kwa takriban mita 4 siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wavuvi wa mshipi wa pwani wanalijua hilo siku nyingi: chubwi la maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo, silo la bamvua. Jigi inafuata sheria ileile.

Kanuni nzuri ya kuanzia ni gramu 1.5 hadi 2 kwa kila mita ya kina. Mwamba ulio mita 80 unataka jigi ya gramu 120 hadi 160 maji yakiwa yametulia. Bamvua ikikutana na kusi, panda hadi 200 au 250. Mwamuzi ni pembe ya mshipi. Ukilala nyuzi 45, unahitaji kama mita 113 za mshipi kufika kwenye kina cha mita 80, na kila ukiinua ufito, nguvu inaivuta jigi upande sawa na inavyoivuta juu. Hapo jigi inaburuzwa, na mtindo mzima umekufa.

Ila kabla ya kuongeza uzito, punguza unene wa mshipi. Mshipi wa kusuka wa namba 1 kwa vipimo vya Kijapani una unene wa kama milimita 0.165, wa namba 4 kama milimita 0.33. Ule wa pili unayapa maji mwili mara mbili wa kusukuma. Namba 2 inatosha kwa miamba ya kina hicho. Tafuta uliotiwa rangi tofauti kila mita 10, ili samaki akishika ujue alikuwa kina gani na urudi palepale.

Sasa umbo. Simamisha rula kwa ukingo wake, laza jigi juu, uisogeze taratibu mpaka itulie bila kuinama. Hapo ndipo uzito wake ulipo. Ikitulia katikati, itaanguka ikiwa imelala, polepole na kwa kuyumba sana. Hiyo ni ya maji mafu. Ikitulia karibu na mkia, itatangulia mkia na kuukata mkondo. Hiyo ni ya bamvua. Kisha itazame kwa ubavu. Yenye upande mmoja bapa na mwingine wenye mgongo hugeukageuka zaidi kuliko yenye pande sawa.

Madini nayo yana neno. Jigi ya gramu 160 ya risasi ina ujazo wa sentimita za ujazo 14 hivi. Ya zinki 22. Ya tungsteni 8 tu. Kwa uzito uleule, zinki inasukumwa zaidi na maji na inachelewa kufika, ilhali tungsteni inazama upesi lakini bei yake ni kali. Risasi inamtosha msafiri.

Kagua pia ndoana. Mdomo wa ndoana uwe mpana kuliko jigi, vinginevyo ncha inajificha ubavuni. Kamba za ndoana za kichwani na za mkiani ziwe fupi kiasi kwamba ndoana hizo zisifikiane, maana zikikamatana jigi haianguki tena ilivyokusudiwa.

Rangi? Maji humeza wekundu kwanza. Kwenye mita 80 jigi nyekundu inaonekana kama kivuli cheusi. Kinachobaki na maana ni umbo, mng'ao wa fedha na michirizi inayong'aa gizani. Aina mbili za rangi zinatosha.

Kwa safari ya siku chache ningefungasha nne za uzito wa katikati, gramu 120 hadi 160. Nne za uzito wa mkiani, gramu 200 hadi 250. Na mbili za akiba, kwa kuwa mwamba hula jigi. Ukiweza kupanga tarehe, epuka siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, uende maji yakiwa mafu. Na ukiwa na fedha ya jigi moja zaidi, usinunue rangi nyingine ya uzito ulio nao tayari. Nunua uzito usio nao.