Kazi ya Miezi, Maisha ya Asubuhi Moja

Kama umeitazama The Talented Mr. Ripley ya mwaka 1999, basi umeshakiona kisiwa cha Procida hata kama hukujua. Filamu inatupeleka Mongibello, mji wa kubuni, lakini picha zilipigwa Procida na kwa jirani yake Ischia, kwenye Ghuba ya Naples. Kuna ile sehemu ya sikukuu: watu wamejaa ufuoni, sanamu ya Bikira Maria inaibuka kutoka baharini, halafu unaibuka mwili wa Silvana, msichana wa pale aliyepewa mimba na Dickie, kijana tajiri wa Kimarekani. Ni sehemu kali. Pia ndiyo inayonikera zaidi. Wenyeji wamekuja kusali, na kamera inawageuza pazia tu ili tuone uso wa Dickie ukibadilika. Sikukuu nzima, na bahari juu yake, imeandaliwa kwa ajili ya hatia ya mgeni mmoja.

Il Postino ya 1994 ina adabu zaidi. Massimo Troisi, aliyefariki siku moja baada ya kazi ya kupiga picha kwisha, ni tarishi anayemrekodia mshairi Neruda sauti za kisiwa: mawimbi, upepo, kengele ya kanisa. Angalau hapo kisiwa kimepewa sikio. Lakini tena, sauti zenyewe ni za kumtumia mtu aliyekwenda zake. Ni kama kisiwa kidogo hakijawa kitu mpaka mtu wa nje akitamani.

Sasa nenda Procida yenyewe siku ya Ijumaa Kuu. Kisiwa kina kama kilomita 4 za mraba na watu kama 10,000, nyingi zikiwa familia za mabaharia. Alfajiri inaanza na tarumbeta na ngoma. Halafu kutoka Terra Murata, mtaa wa juu kabisa wenye ngome na jela iliyofungwa mwaka 1988, maandamano yanateremka hadi bandarini. (Si maandamano yale yetu ya kukimbizana na polisi.) Vijana wamebeba mabegani kazi zinazoitwa Misteri, yaani mafumbo, neno ambalo Mkatoliki yeyote aliyeshika rozari analijua. Ni matukio ya Biblia yaliyojengwa juu ya mbao kwa vitambaa na karatasi za kugandishwa na gundi, mengine makubwa hadi unajiuliza yatapitaje kwenye vichochoro. Wanaoyasimamia ni chama cha waamini kilichoanzishwa mwaka 1629, kiitwacho Turchini. Jina hilo halimaanishi Waturuki. Ni rangi ya buluu ya vijoho vyao.

Kinachonivutia ni jinsi zinavyotengenezwa. Kila kundi linajifungia kwa miezi, linakata, linagundisha, linapaka rangi, na halitaki kundi jingine lijue linachotengeneza. Siri inafichuliwa asubuhi ile tu. Mchana ukipita, kazi inabomolewa. Mwaka ujao, wazo jipya.

Sisi tunaoandika uhakiki tunapata shida hapo. Tumezoea kazi inayotusubiri: kitabu kwenye rafu, filamu kwenye mtandao, unaweza kuirudia usiku wa manane ukihariri aya. Fumbo la Procida halisubiri mtu. Mhakiki wake wa kwanza ni bega: ukikosea uzito, wenzako wataujua ukweli kabla ya kona ya kwanza. Wa pili ni jirani, ambaye ameona mafumbo ya miaka na miaka na hawezi kudanganywa na rangi nyingi. Mimi na simu yangu tuko mwisho wa foleni, na naona ni sawa kabisa.

Swali ni kama foleni hiyo itabaki hivyo. Mwaka 2022 Procida ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Italia, chini ya kaulimbiu iliyocheza na neno isola, ambalo ni "kisiwa" na pia ni "hutenga": utamaduni hautengi. Kaulimbiu poa. Lakini kuna kutengwa kunakofaa. Kundi linalojifungia na kazi yake linajitenga makusudi, na bila kufuli hilo sijui kama mafumbo yangekuwa na makali. Siku vijana watakapoanza kuchagua tukio kwa kuangalia litakavyoonekana kwenye skrini ya mgeni, watakuwa wamerudi Mongibello, wakiwa pazia la Dickie.

Elsa Morante aliliona hili mapema. Riwaya yake L'isola di Arturo, iliyoshinda Tuzo ya Strega mwaka 1957, inamfuata mvulana wa Procida anayekua karibu peke yake, na mwishoni anapoondoka kwa meli hataki kukitazama kisiwa kikififia. Hakuna kadi ya posta hapo. Nikiambiwa nichague kazi moja ya kusoma kabla ya kupanda feri, ni hii, na hizo filamu zinaweza kungoja.

Kwenye maandamano yale kuna kitu kimoja kisichobomolewa: Kristo aliyelala, sanamu ya mbao aliyoichonga Carmine Lantriceni mwaka 1728. Inapita nyuma ya mafumbo ya karatasi, kimyakimya, kisha inarudi kanisani. Vijana nao wanarudi na mbao zao, wakivunja.