Nchi Isiyo na Watoto

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo ninalolizungumzia hapa si la mnazi. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Far Cry 2, uliotengenezwa na Ubisoft mjini Montreal, Kanada, ukatolewa Oktoba 2008. Mandhari yake ni nchi ya Afrika isiyotajwa jina, iliyogawanywa na makundi mawili yenye silaha. Wachambuzi waliusifu mno kwa uhalisi wake. Kwa sifa hizo niliutafuta, nikakaa nao usiku mwingi hapa Mirongo, mbu wa mtoni wakiimba dirishani.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, ndugu msomaji. Ukiwasha moto, nyasi kavu zinashika, upepo ukigeuka moto unakurudia mwenyewe. Bunduki kuukuu inakwama pale unapoihitaji zaidi. Ramani unaishika mkononi huku adui anakujia. Nawe mchezaji ni mamluki uliyetumwa kumwua muuza silaha aitwaye Jackal, na tangu mwanzo unaumwa malaria.

Hapo kwenye malaria ndipo tulipoanza kukosana. Katika mchezo homa ikipanda macho yanafifia. Unameza kidonge kimoja, unaendelea kupiga risasi. Wiki ile ile mpwa wangu wa miaka 10 alikuwa amelala kitanda cha pili, amepimwa na kukutwa na malaria. Yeye alipaswa kumeza vidonge vitatu vya dawa mseto asubuhi na vitatu jioni, siku tatu mfululizo. Vya kwanza alivitapika, ikabidi tuanze upya. Dada yangu hakulala. Jirani alileta uji. Malaria ninayoijua mimi humlaza mmoja ikakesha nyumba nzima. Katika mchezo, unapozinduka kitandani, aliyesimama kando yako ni yule Jackal uliyetumwa kumwua. Hakuna mwingine wa kukuuguza.

Siku ya tatu mtoto alipata nafuu, akaketi kunitazama nikicheza. Baada ya muda akauliza, "Mjomba, watoto wako wapi?"

Nikausimamisha mchezo. Nilikuwa nimeendesha gari saa nyingi katika nchi ile bila kuona soko, wala shule, wala mama mmoja aliyeanika dagaa. Raia wachache wamejificha ndani. Ukiwapelekea hati za kusafiria, wanakupa vidonge. Karibu wote unaokutana nao barabarani wana bunduki. Ukiwaua walinzi wa kizuizi, ukazunguka kidogo na kurudi, unakuta wengine palepale, kana kwamba hakuna aliyekufa.

"Wamekimbia vita," nilimjibu.

"Wamekimbilia wapi?"

Ramani niliyoishika ilikuwa imeishia hapo. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua watu hukimbilia wapi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Walikuja na watoto mgongoni, magodoro na sufuria kichwani. Wengine hawakuvuka wakiwa hai; Mto Kagera uliwaleta hadi ziwani, na nyumbani kwetu tulikaa wiki kadhaa bila kula samaki. Vita tulivyoviona sisi vilijaa watu.

Wapo watakaonijibu kwamba upweke ule ulikusudiwa, ili mchezaji aonje ukatili wa vita. Sawa. Lakini ukatili hupimwa kwa kile unachokiharibu, na hapa hakukuwa na cha kuharibiwa. Mwishoni mchezo unakutaka uwasaidie wakimbizi wavuke mpaka. Niliwasaidia, na sikuhisi kitu. Nitawaliliaje watu ambao sikuwahi kuwanunulia nyanya, wala kusalimiana nao njiani?

Kwa hiyo nasema waliousifu waliona nusu ya uhalisi. Waliona moto, kutu na homa, yaani yote yanayomwuma mchezaji. Mtoto aliyekuwa ameketi kitandani, bado mdomo mchungu kwa dawa, aliiona nusu nyingine kwa swali moja. Nilizima kompyuta tukatoka nje. Barabarani kulikuwa na watoto wa kumwita kwa jina.