Vazi la Naiti: Hofu, Ughushi na Mamlaka katika Sehemu ya Kwanza ya Scooby-Doo

Mfululizo wa katuni uitwao Scooby-Doo, Where Are You! ulianza kuonyeshwa Marekani na shirika la CBS tarehe 13 Septemba 1969. Ulibuniwa na Joe Ruby na Ken Spears na kutayarishwa na kampuni ya Hanna-Barbera, wakati ambapo vikundi vya wazazi vililalamikia ukatili katika katuni za watoto. Ni rahisi basi kuuona kama burudani nyepesi inayowafunza watoto kuwa hakuna mizuka. Hukumu hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Sehemu ya kwanza, ‘What a Night for a Knight’, inazua suala zito zaidi: ni nani anayeisimulia hofu, na kwa manufaa ya nani?

Msuko wake ni sahili. Usiku wa mwezi mpevu, Shaggy na mbwa Scooby wanakuta gari lililoachwa njiani likiwa na deraya ya kale. Profesa Jameson Hyde-White, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyekuwa akiipeleka kwenye makumbusho, ametoweka. Bw. Wickles, mtunzaji wa makumbusho, anawaeleza vijana kuwa, kwa mujibu wa masimulizi ya jadi, Naiti Mweusi hufufuka mwezi unapokuwa mpevu. Vijana wanaporejea makumbushoni usiku, wanafukuzwa na naiti anayetembea. Hatimaye naiti anavuliwa vazi lake, na aliyemo ni Wickles mwenyewe. Amekuwa akiiba picha asilia na kutundika nakala za kughushi mahali pake. Profesa alitekwa kwa kuwa angeutambua ughushi huo.

Kwa Tzvetan Todorov (1970), fantasia hudumu kadiri msomaji anavyositasita baina ya maelezo ya kimaumbile na yale ya kimiujiza. Katika sehemu hii kusitasita huko kuna mwenyewe. Mtu anayewapa vijana ngano ya naiti ndiye mtu yuleyule anayelivaa vazi lake. Ngano yenyewe haina hatia; hatia ni ya msimulizi anayeitumia ili watu waogope kutazama kuta zake. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo inatimia kwa maana yake ya wazi kabisa.

Isitoshe, uongo wa Wickles una tabaka mbili zinazoshabihiana. Deraya ni ya kweli, lakini mzuka uliomo ni bandia. Fremu ziko palepale ukutani, lakini picha zilizomo ni bandia. Mtunzaji ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuthibitisha kilicho asilia. Anapoghushi, hakuna wa kumsahihisha isipokuwa mtaalamu kutoka nje, na huyo ameshafungwa kamba. Kuvuliwa kwa naiti, kwa hiyo, ni kuvuliwa kwa cheo.

Uchoraji wa wahusika unaitilia nguvu dhamira hii. Kidokezo cha awali ni miwani ya ajabu, ambayo vijana wanaipeleleza maktabani kabla ya kumshuku yeyote. Maarifa yanatafutwa kwa subira vitabuni, naye Velma ndiye kielelezo cha subira hiyo. Shaggy na Scooby, kwa upande wao, ni waoga wa kuchekesha, na kicheko kilichorekodiwa humhakikishia mtazamaji kuwa yu salama. Hata hivyo, woga wao si upumbavu: ndani ya deraya ile kweli mna mtu mwenye nia mbaya. Wanachokosea ni jina la hatari, si kuwepo kwake.

Udhaifu wa kazi hii unajitokeza katika utatuzi. Kwa kuwa washukiwa ni haba, taharuki kuhusu utambulisho wa mhalifu ni dhaifu mno. La msingi zaidi ni kwamba kosa linakomea kwa mtu mmoja. Wickles akishanaswa, utulivu unarejea, na hakuna mhusika anayehoji jinsi makumbusho yalivyoweza kumwachia mtu mmoja funguo zote na ukweli wote. Swali hilo linaachiwa mtazamaji. Mtoto anayelitambua atakuwa amejifunza jambo kubwa kuliko kutoogopa mizuka: kumwangalia kwa makini anayemwambia aogope.