Sifa ya Kuachia

Anayetaka kujua thamani ya waya wa breki na asimame asubuhi kwenye mteremko wa Shyorongi, pale barabara inapoporomoka kuelekea Nyabugogo, atazame baiskeli zilizosheheni ndizi zikiingia Kigali. Uhai wa mwendeshaji umening'inia kwenye uzi wa chuma unaopita ndani ya ganda lililosokotwa kama springi. Anavuta mkononi, huko chini kitu kinabana.

Nimeanza na baiskeli kwa sababu ndiyo ndugu wa karibu wa chombo ninachotaka kukisifu: kibanio cha endoskopia. Daktari hupitisha mdomoni mwa mgonjwa mrija wenye kamera hadi tumboni. Ndani ya mrija huo mna njia nyembamba, mara nyingi ya milimita 2.8, na humo hupenyezwa waya wenye ganda lake, mrefu kuliko mtu wa kimo cha kawaida unapotumika kwenye utumbo mpana. Nchani mwake kuna taya ndogo za chuma kisichoshika kutu. Huku nje kuna mpini, na aghalabu mpini huo umeshikwa na muuguzi. Daktari anasema fungua, zungusha, funga, achia. Mshipa uliokuwa ukivuja umebanwa, na mtu aliyeletwa usiku akitapika damu hapasuliwi tumbo.

Kwa Rwanda hili si jambo la mbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa waliopimwa kwa endoskopia katika hospitali ya chuo kikuu huko Butare ulikuta kwamba robo tatu yao walikuwa na bakteria wa Helicobacter pylori, wale wale ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Dawa huwaua. Lakini kidonda kilichokwisha kula ukuta wa mshipa hakisubiri dozi ya wiki mbili.

Wajapani ndio waliotangulia. Hayashi na wenzake walikieleza kibanio mwaka 1975, na Hachisu akaja na kilichoboreshwa mwaka 1988. Tangu hapo mengi yameongezwa: taya zinazofunguka tena baada ya kufungwa ikiwa zimekosa shabaha, mpini unaozungusha ncha, na hata vibanio vikubwa vya nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake, ambavyo huvishwa nje ya mrija kama pete.

Ila kinachonishangaza si taya. Kubana hata kibanio cha nguo kinaweza. Ufundi wote, kwa maoni yangu, uko kwenye kuachia.

Fundi baiskeli mmoja wa Nyamirambo, mzee wa Kiswahili cha zamani, ndiye aliyenielewesha bila kukusudia. Nililalamika kwamba breki yangu ni nzito, akaushika waya pale ulipojikunja karibu na usukani. "Kijana, breki yako haina ubaya," akasema. "Kona hii ndiyo inayokula nguvu yako." Hivyo ndivyo ilivyo tumboni pia. Kila mahali waya unapokunjwa, unalisugua ganda lake, na hasara ya kona moja huizidisha ile ya kona iliyotangulia. Chukua kigezo cha msuguano kuwa moja ya kumi, kisha ujumlishe mikunjo yote mpaka ifikie duara moja kamili: karibu nusu ya nguvu ya mkono imepotelea njiani. Na utumbo mpana hauna adabu ya kunyooka. Tumboni nako, daktari akitaka kuona sehemu ya juu kabisa, huupinda mrija ukajitazama wenyewe mgongoni.

Sasa mfikirie mbuni mezani kwake. Mvuto wa kwanza ufunge taya. Mvuto mkubwa zaidi uzikaze moja kwa moja. Mvuto wa mwisho ukate kiungo kati ya kibanio na waya, kibanio kibaki mwilini na waya utoke. Katika vibanio vingi kiungo hicho ni shingo nyembamba au ndoano ndogo iliyotengenezwa ili ishindwe: ivunjike au ikunjuke kwa nguvu iliyopangwa. Ikishindwa mapema, kibanio kinadondoka kabla hakijashika. Ikikaidi, daktari amebaki amefungwa kwenye mshipa unaovuja, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na akivuta kwa pupa anauchana. Shingo hiyo haijui kama leo mrija umenyooka au umepinda. Mkono wa muuguzi nao hausikii kinachosikika nchani. Hivyo mbuni hana budi kuacha pengo pana kati ya nguvu ya kufunga na nguvu ya kuachia, kisha ahakikishe kila shingo inayotoka kiwandani inavunjika kama dada zake. Wastani mzuri haumfai kitu mgonjwa aliyeangukiwa na ile moja iliyo tofauti. Sijui kazi nyingine inayodai uaminifu mkubwa hivi kwa kitu kilichoumbwa kivunjike.

Tangu Oktoba 2023, huko Masaka wilayani Kicukiro, kuna IRCAD Africa, tawi la taasisi ambayo Jacques Marescaux aliianzisha Strasbourg mwaka 1994, na madaktari wa bara hili huja kujifunza upasuaji wa matundu madogo. Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina kituo cha uhandisi wa tiba. Mikono ya kutumia inafundishwa hapa. Natamani na mikono ya kubuni ikae hapa hapa. Mbuni aliyewahi kuona droo ya hospitali yenye vibanio viwili tu, vilivyoagizwa ng'ambo, kila kimoja cha kutumiwa mara moja, hatachora shingo ile kama mtu ambaye kwake cha tatu na cha nne viko rafuni. Na aliyeshuka Shyorongi kwa baiskeli hatahitaji kuelezwa msuguano mara mbili.

Baada ya waya kutolewa, mgonjwa huamka, hunywa maji, hurudi nyumbani Kimironko au Gikondo na kile kichuma tumboni. Nyama huziba chini yake. Siku kadhaa hupita, pengine wiki, kisha taya hukosa cha kushika. Kibanio hudondoka, hufuata chakula utumboni, na hutoka asubuhi moja chooni bila mwenyewe kujua.