Mzee si Maktaba: Kauli ya Njuri Ncheke na Jibu la Ngaitana

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki, mzee amezoeleka kutazamwa kama ghala. Tangu Amadou Hampâté Bâ alipomfananisha, mbele ya UNESCO mwaka 1960, mzee anayefariki na maktaba inayoteketea, wahakiki wengi wameichukulia dhima ya wazee kuwa ni kuhifadhi tu. Mtazamo huu una heshima ndani yake, lakini una kasoro moja kubwa: maktaba haijibiwi. Mzee wa Kimeru ni msemaji, na mchango wake katika ustawi wa jamii hutegemea namna kauli yake inavyopokewa na wale inaowahusu.

Mfano ulio wazi ni baraza la Njuri Ncheke, ambalo sauti yake hutoka Nchiru, Tigania, yalipo makao yake, ikawafikia Wameru wa Imenti na wa Buuri, wakiwamo wa Kiirua kaskazini mwa Mlima Kenya. Ndugu wanapogombea mpaka wa shamba, kila upande husikilizwa kwanza. Hukumu huja mwisho. Kifasihi, basi, hukumu ya wazee ni utanzu wa majibizano. Uzito wake hautokani na umri wa msemaji peke yake. Hutokana pia na maneno ya wengine yaliyoitangulia.

Aprili 1956 mpangilio huo ulivunjika. Wakati Hali ya Hatari ikiendelea, Njuri Ncheke, ikiungwa mkono na watawala wa kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Jando la wasichana lilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, nao hawakuwa na kiti katika baraza hilo la wanaume. Matokeo yake yameelezwa na mwanahistoria Lynn Thomas (2003): wasichana walichukua nyembe wakakeketana wao kwa wao, na kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo.

Tukio hilo lilibaki na jina: Ngaitana, yaani ‘nitajitahiri mwenyewe’. Neno hili linastahili kusomwa kama matini kamili. Marufuku ilitamkwa kwa niaba ya Wameru wote. Jibu limo katika nafsi ya kwanza umoja. Marufuku ilimfanya msichana kuwa mtendwa. Jibu linamfanya mtenda na mtendwa kwa pamoja. Hata hivyo, kinaya chake ni kikali. Kwa kuwakosa wanawake wazee, wasichana waliitetea mila kwa kitendo kilichokwisha kuivua mila hiyo nyimbo, mafunzo na baraka zake. Kilichosalia ni wembe na jeraha.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa karibu na jambo hili katika The River Between (1965), ijapokuwa riwaya hiyo inawahusu Wagikuyu. Uhakiki wake aghalabu humtukuza Chege, mzee mwenye siri za kale, na kumwona Muthoni kama kafara ya mgongano wa dini na mila. Lakini Muthoni ndiye anayejibu. Babake, Joshua, hukataza bila kusikiliza. Naye binti humweleza dada yake, Nyambura, haja yake ya kuwa Mkristo na pia mwanamke kwa desturi za watu wake. Kifo chake hakihalalishi tohara ile, wala hakimwondolei baba lawama ya uziwi.

Huenda ikasemwa kwamba mwaka 1956 wazee walikuwa upande wa haki, hasa ikizingatiwa kuwa sheria ya Kenya ya 2011 imeharamisha ukeketaji. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu maudhui ya kauli yao. Haigusi sababu ya kauli hiyo kushindwa, na kushindwa huko kulilipiwa na miili ya wasichana.

Suala hili si la kale. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kimezitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Wazee wamepata tena mkono wa dola, na mkono huo ndio uliowafanya, mwaka 1956, waseme bila kusikia. Uhakiki unaowasifu kama hazina pekee hauwezi kuiona hatari hiyo. Basi mtafiti anayerekodi kikao cha wazee Kiirua asizime kinasasauti hukumu inapokwisha kutolewa. Aendelee kurekodi wakati watu wanatawanyika, wanawake na vijana wakizungumza njiani. Hayo nayo ni sehemu ya matini.