Neno na Mtegaji Wake

Michezo ya mwanzo ya kompyuta za Japani ilikuwa na picha duni, hivyo mingine ikaliegemea neno. Portopia Renzoku Satsujin Jiken, hadithi ya upelelezi aliyoitunga Yuji Horii mwaka 1983, ilimtaka mchezaji aandike amri mwenyewe. Msaidizi wake, Yasu, alitii au alisema hakuelewa. Hicho ni kitendawili hasa: mteguaji hulisaka neno alilolificha mtegaji. Toleo la Famicom la 1985 lilimwekea orodha ya amri achague. Udhia ukapungua, na utamu nao. Mwaka 2023 Square Enix ililirejesha neno huru kwa akili mnemba, lakini Yasu mara nyingi hakuyaelewa hata maswali ya wazi. Horii aliyateua mapema maneno atakayoyapokea. Kitendawili kisicho na mtegaji hakiteguliki.